Maji ya Januari

Kampala si mji wa ukame. Mvua yake ya mwaka hupita milimita 1,000, huja kwa misimu miwili, na ikishika kweli mtaa wa Bwaise hufurika. Lakini maji hayo hayakai. Hukimbilia mfereji wa Nakivubo na kinamasi cha Lubigi, na Januari inapoingia, mama wa mtaa wa Kamwokya ananunua maji kwa dumu la lita 20. Hapo ndipo mkulima wa mjini anapopimwa ufundi wake.

Nawaheshimu sana mafundi wa bustani za magunia. Fundi huchukua kopo lisilo na kitako, hulisimamisha katikati ya gunia, hulijaza mawe madogo, kisha hulizungushia udongo uliochanganywa na samadi. Kopo huvutwa juu, hujazwa tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae, nguzo ya mawe ikiwa moyoni mwake. Ubavuni hutoboa matundu, kila tundu na mche wake. Maji yaliyooshewa mboga humiminwa juu, yakashuka na nguzo ile na kusambaa kwa ndani, penye mizizi, jua lisiyapate. Juu kabisa hutandaza majani makavu ya mgomba, kama Waganda wanavyotandaza migombani mwao.

Kisha kuna kuchagua mmea. Nakati, mboga ya majani, ni tamu, lakini jua likikaza hulegea mapema. Mgagani, ambao Waganda huuita jjobyo, ni mvumilivu. Jani lake huikusanya hewa ya ukaa kwanza na kuilimbikiza, kwa hiyo vitundu vyake havilazimiki kufunguka sana, na maji hayatoroki ovyo. Mchicha nao una kipawa hicho. Mgagani ukiona kiu huharakisha kutoa maua. Fundi huyakata yakingali machanga, nao huendelea kutoa majani. Ni kazi ya vidole viwili tu, ila hutaka macho ya kila siku.

Halmashauri ya Jiji ilitunga sheria ndogo za kilimo cha mjini mwaka 2006, na kituo cha kilimo cha Kyanja hufundisha wenye viwanja vidogo. Ni jambo jema. Kinachoniuma ni nyua za nyasi za paspalumu zinazomwagiliwa kwa mpira kiangazi kizima, ilhali kando yake kuna paa la bati lisilo na mfereji wala tangi. Mvua ya milimita 10 juu ya bati la mita 20 za mraba ni lita 200, yaani madumu kumi! Nikipewa ua wa namna hiyo nitang'oa nusu ya nyasi na kusia mgagani mwezi Novemba, mvua ingalipo, mizizi iwahi kushuka.