Jini la poda na wigi bado lina kazi

Kama umekulia Dar, jina Shumileta halihitaji utambulisho. Ni filamu ya kutisha ya mwaka 2005 ya Mussa Banzi, yuleyule wa Nsyuka. Huku Ukonga, filamu za aina hiyo tuliziangalia kwenye vibanda umiza, wengine tukichungulia nje kwa sababu hatuna hela ya kiingilio. Leo ukiziangalia na wadogo zako, wanacheka: jini limepakwa poda, limevaa wigi, kucha ni za plastiki. Mbona hawakutumia kompyuta? Mimi nasema poda ile ilikuwa na nguvu kuliko tunavyodhani, na sababu ni fizikia.

Anza na mwanga. Muigizaji aliyepakwa rangi anasimama chini ya taa ileile inayomwangaza mwenzake, na kivuli chake kinaangukia ukuta uleule. Akipita karibu na balbu, shavu moja linang'aa na jingine linabaki gizani. Hakuna aliyepiga hesabu yoyote hapo. Sasa chukua moto wa kubandika kutoka programu ya bure ya simu: unawaka mkononi mwa mchawi, lakini uso wake hauangaziwi hata kidogo. Mtazamaji huenda asikuambie kasoro iko wapi, ila jicho lake limeishi na mwanga tangu azaliwe, linashtuka. Na tuwe wakweli, hata filamu zetu za zamani zilianguka hapohapo kila zilipobandika radi na miale ya kompyuta.

Kulikuwa na msaada mwingine: picha hafifu. Filamu nyingi zilisambazwa kwa kanda za VHS, baadaye VCD. VCD ya mfumo wa PAL ina pikseli 352 kwa 288, yaani kama laki moja tu. Video ya simu ya 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni mbili. Kwenye laki moja, mstari wa gundi kati ya kinyago na shingo unapotea, na ubongo wako unajazia kilichokosekana kwa kile unachokiogopa.

Kuhusu damu, twende Wakaliga, Kampala, kwa Nabwana I.G.G., aliyetengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Hiyo ni ya mapigano, si ya kutisha, ila somo ni lilelile. Damu yao ni rangi ya chakula iliyojazwa kwenye kondomu, inapasuka kifuani mwa muigizaji. Nabwana amesimulia kwamba awali walitumia damu ya ng'ombe, mpaka muigizaji mmoja akaugua. Damu halisi ina mnato wa kama mara tatu hadi nne ya maji, ndiyo maana rangi iliyokorogwa kwa maji matupu hukimbia haraka mno. Chemsha sukari ndani yake, itatiririka vizuri. Tena damu ikikauka hugeuka kahawia, kwa sababu himoglobini hubadilika ikikaa hewani. Doa jekundu linalong'aa kwenye shati la maiti ya jana ni kosa la kemia.

Kosa kubwa la filamu zetu lilikuwa uvumilivu: kiumbe anaonyeshwa mchana kweupe, kamera imemkazia, mpaka tumemzoea. Kwenye Jaws ya mwaka 1975, papa wa mashine aliharibika mara kwa mara baharini, Steven Spielberg akalazimika kumficha sehemu kubwa ya filamu. Ikatisha zaidi.

Wasiwasi wangu ni kwamba kicheko chetu kinawafukuza vijana kwenye ufundi huu. Kubandika kidonda, kushona kinyago, kupika damu, haya hujifunzi kwenye simu peke yake. Unamtazama mtu akifanya. Wakiacha wanaojua, tutabaki na moto usioangaza uso wa mtu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kupiga filamu ya jini wikiendi hii, nunua poda, azima wigi kwa dada, zima taa zote isipokuwa moja. Watu wakicheka, usimfute jini. Sogeza taa.