Ndimu Isiyo na Ndimu

Shangazi yangu akipika shira ya kaimati, sukari ikishayeyuka hutia unga mweupe kidogo, kiasi cha kubanwa kwa ncha za vidole viwili. Kwao unaitwa ndimu ya unga. Ni asidi ya sitriki, na ndimu haimo hata tone.

Zamani limau lilikuwamo. Mwaka 1784, Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa mji mdogo wa Köping nchini Sweden, aliitoa kwenye maji ya limau ikiwa fuwele safi. Kuchemsha peke yake hakutoshi: maji ya limau yakikauka huacha uji wa kahawia wenye sukari na mengine mengi. Scheele akapita njia ya kuzunguka. Alitia chaki. Asidi ikashikana nayo, ikawa chumvi nyeupe inayotuama chini. Chumvi nyingi huyeyuka zaidi maji yakiwa ya moto; hii ni kaidi, joto likipanda huzidi kugoma. Kwa hiyo unaiosha kwa maji ya moto, takataka zinakwenda, yenyewe inabaki. Kisha unatia tindikali ya salfa, inayoipokonya chokaa ya ile chaki na kuzama nayo ikiwa jasi. Asidi yako imebaki huru majini. Unachuja, unapunguza maji taratibu, unaacha yapoe, fuwele zinaota. Nimeisoma mbinu hii mara nyingi na bado inanifurahisha: kitu unachokitaka unakifunga kwanza, ndipo unakifungua.

Limau lenyewe lilikuja kuachwa. Mwaka 1917, Mmarekani James Currie alionyesha kwamba kuvu mweusi aitwaye Aspergillus niger, wa aina ile inayotia masizi kwenye maganda ya vitunguu, akilishwa sukari hutoa asidi hii kwa wingi. Miaka miwili baadaye Pfizer walianza kumfuga Brooklyn. Malezi yake yanataka mkono mwepesi: sukari tele, hewa tele, lakini manganizi anyimwe. Akiipata hata kidogo tu, hunenepa mwenyewe na asidi hupungua. Mchuzi wake ukishachujwa, wapo watengenezaji ambao hadi leo huutia chokaa, kisha tindikali ya salfa. Köping ile ile, ila kwa mapipa marefu kama nyumba.

Ukali wake huja haraka ulimini na kuondoka haraka, ndiyo maana vinywaji na peremende huupenda. Pia asidi hii huzuia tufaha lililokatwa lisiwe jeusi upesi, na hung'oa chokaa iliyoganda ndani ya birika. Unyevu wa pwani huugandisha unga wake, hivyo kopo lake lifungwe vizuri.

Lakini kazi ninayoipenda ni ya kwenye sufuria ya shangazi, ambako hata ukali wenyewe hausikiki. Katika moto, asidi huivunja sehemu ya sukari kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, nazo hujipenyeza katikati ya zile zilizobaki zisipate kujipanga kuwa chembe. Shira inabaki laini, inang'aa, inaigandama kaimati bila kurudi kuwa sukari. Yeye hasemi hayo. Huchota kwa mwiko, huinua, hutazama uzi unavyoshuka.

Siku ya visheti, ambavyo shira yake hukorogwa makusudi mpaka ikauke nyeupe juu yake, kopo lile halifunguliwi.