Nyumba Iliyopimwa kwa Mgongo wa Ngamia

Rhamu ya Mandera imekaa kandokando ya mto Daua, ambao maji yake huteremka kutoka nyanda za juu za Uhabeshi, yakawa mpaka baina ya nchi hiyo na Kenya, kisha yakakutana na Genale huko Dolo na kuwa mto Juba. Wafugaji wa ngamia wa pande zile waliukimbilia mto wakati wa kiangazi. Ziliponyesha mvua za gu, baada ya Machi, ama zile za deyr mwishoni mwa mwaka, waliuacha wakatawanyika nyikani kufuata malisho, na nyumba zao zikaondoka pamoja nao. Wako wapitao waliodhani kuwa aqal, nyumba ya Msomali wa nyika, ni kibanda cha mtu aliyekosa makazi, ilhali ni kazi ya ufundi mkubwa, yenye hesabu iliyoanzia mgongoni mwa mnyama atakayeibeba.

Kiunzi chake kilikuwa ni fito ndefu, aghalabu za mizizi ya mgunga uitwao galool, iliyofukuliwa na kukunjwa ingali mbichi, ikafungwa hata ikakauka na umbo la upinde. Miti mizuri ni adimu katika nchi kame, kwa hiyo fito zilizokwisha kupindwa zilichukuliwa kila mahali na kutumiwa miaka na miaka.

Kazi iliyotaka subira zaidi ni mikeka. Wanawake waliambua gome la ndani la mgunga, wakalitafuna kwa meno yao hata likalainika na kuachana nyuzi, kisha wakasokota na kusuka. Upande wa ndani wa mkeka ulikuwa laini, na wa nje uliachiwa mashada marefu ya nyuzi yaliyolala kama manyoya ya kondoo, ili maji ya mvua yateremke juu yake yasipenye. Mama na jamaa zake wa kike ndio waliomtengenezea bibi harusi nyumba yake, nayo ikawa milki yake. Nami sioni haki kumtaja mume kuwa ndiye mwenye nyumba, ijapokuwa ngamia walikuwa wake.

Siku ya kuhama, ngamia dume aliyehasiwa alipigishwa magoti, akatandikwa kwanza mikeka kuizunguka nundu, kwa maana mgongo ukichubuka mnyama huyo hafai tena kwa safari. Juu ya tandiko zilifungwa fito, mafungu mawili yenye uzito sawa ubavuni, pinde zake zikielekea juu na kufanya uwazi ambamo vilipangwa vyombo vya maziwa, na wakati mwingine watoto wachanga na wana-kondoo wasioweza mwendo. Hapo ndipo pa kustaajabia tartibu ile: walipofika, baada ya kuteremsha vyombo, zilitangulia kushuka fito, na ndizo zisimamishwazo kwanza; mikeka, iliyokuwa chini kabisa, ilishuka mwisho, na ndiyo ifunikayo mwisho. Kamba zilizofunga shehena ndizo zilizofunga kiunzi.

Siku hizi fito hizo huonekana zimefunikwa maturubai na vitambaa. Turubai huzuia mvua na hupatikana pasipo kutafuna gome, nao unafuu huo kwa wanawake si mdogo. Illa halina unene wa kuukinga mgongo wa ngamia, basi tandiko sharti litafutwe kwingine.