Ufundi wa Kuihoji Linux

Mtandao wa nyumbani ukikatika, dalili huwa moja na sababu zinazowezekana huwa nyingi. Kivinjari husema ukurasa haupatikani. Hakisemi kama kebo imelegea, kama ruta imegoma kugawa anwani, kama seva ya majina imenyamaza, au kama saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka kumi. Kutengeneza mtandao kwenye kompyuta ya Linux ni kazi ya kuzitenganisha sababu hizo, na mfumo huu unastahili sifa kwa jambo moja kubwa: ukiulizwa, hujibu. Karibu kila hatua ya safari ya pakiti ina amri ya kuihoji, na anayeuliza kwa mpangilio hana haja ya kubahatisha.

Maswali huanzia chini, kwenye waya. Amri ya ip link huorodhesha kadi za mtandao na hali ya kila moja. Majina kama enp3s0 humtatiza aliyezoea eth0 ya zamani, lakini yana mantiki: tangu 2013 systemd huipa kadi jina kulingana na mahali ilipo ndani ya mashine, ili kompyuta yenye kadi mbili isije ikayabadilisha majina hayo inapowashwa tena. Neno la kutafuta hapo ni NO-CARRIER. Maana yake kadi imewashwa lakini upande wa pili wa kebo kuna ukimya, kwa hiyo hakuna sababu ya kugusa mpangilio wowote kabla ya kukagua kebo, tundu na taa za ruta. Ipo na kasoro iliyojificha zaidi. Mawasiliano ya gigabiti 1 kwa sekunde huhitaji nyuzi zote 8 zilizo ndani ya kebo, ilhali yale ya megabiti 100 hutosheka na 4. Kebo ikibanwa na mlango hadi uzi mmoja ukakatika, mara nyingi mtandao haufi. Hushuka kasi mara 10 na kuendelea kimyakimya. Ethtool huitaja kasi hiyo waziwazi, na lawama iliyokuwa ikielekezwa kwa mtoa huduma huishia kwenye kebo ya bei ndogo.

Kwa waifai, rfkill huonyesha kama redio imefungwa na programu au na swichi ya mashine yenyewe, nayo dmesg hufichua kadi iliyokosa programu yake ndogo ya ndani.

Waya ukishathibitika, swali linalofuata ni la anwani. Kompyuta huipata kutoka kwa ruta kwa itifaki ya DHCP, katika hatua 4: kompyuta humtafuta mgawaji, ruta hupendekeza anwani, kompyuta huiomba, ruta huidhinisha. Nyumbani anwani hizo aghalabu huanza na 192.168, fungu mojawapo kati ya 3 yanayotumika kwa mitandao ya ndani peke yake. Ikionekana anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu. Hiyo ni habari njema kwa fundi, kwa sababu inaelekeza kidole mahali pamoja. Kisha ip route huonyesha njia, na mstari unaoanza na default ndio unaotaja lango la kutokea. Ukikosekana, kompyuta huwafahamu majirani zake tu.

Hapo ndipo ping huingia kazini. Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Marekani, akisumbuliwa na mtandao uliokuwa na tabia zisizoeleweka, na zaidi ya miaka 40 baadaye bado hakuna chombo chepesi kuliko hicho. Hutumwa kwanza kwa ruta, halafu kwa anwani ya nje kama 1.1.1.1, halafu kwa jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likakataa, kosa liko kwenye seva ya majina. Ping ikinyamaza, hata hivyo, isihukumiwe haraka, maana vifaa vingine vimepangwa visijibu kabisa. Kuhusu seva ya majina, kwenye mifumo mingi ya sasa faili inayoitaja, /etc/resolv.conf, huonyesha 127.0.0.53, yaani kompyuta yenyewe. Resolvectl status ndiyo inayosema seva halisi ni ipi. Anayeihariri faili hiyo kwa mkono huikuta imeandikwa upya.

Hitilafu zinazopima ufundi kweli ni zile zinazofaulu majaribio haya yote. Ping inajibu, jina linapatikana, kurasa ndogo zinafunguka, lakini kubwa zinaning'inia bila ujumbe wowote. Mshukiwa hapo ni ukubwa wa pakiti. Etheneti hubeba baiti 1500, ila laini inayopita PPPoE hubakiwa na 1492, kwa kuwa baiti 8 hutumiwa na itifaki hiyo. Kifaa fulani njiani kikizuia ujumbe wa kuonya kwamba pakiti ni kubwa mno, mtumaji hurudia kutuma pakiti isiyoweza kupita. Amri ya ping -M do -s 1472 hutuma data ya baiti 1472 na kukataza isikatwekatwe. Ukijumlisha vichwa vya baiti 28 hutimia 1500 kamili. Ikikwama, na ya 1464 ikapita, shauri limekwisha. Hakuna uzuri katika kazi hii unaozidi huo: hesabu ndogo ya kujumlisha inaumbua kosa lisiloonekana.

Saa nayo isisahaulike. Kompyuta kuukuu ambayo betri ya bodi yake imekufa huamka baada ya umeme kukatika ikiwa na tarehe ya zamani, na tovuti salama hukataliwa kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika. Timedatectl huonyesha tarehe hiyo kwa sekunde moja.

Katika kurekebisha, mabadiliko yanayofanywa kwa amri ya ip hutoweka mashine inapowashwa upya, na hiyo ni fadhila: fundi anaweza kujaribu bila kuharibu. Ya kudumu huandikwa kwa nmcli au nmtui za NetworkManager, au kwa Netplan kwenye Ubuntu, lakini kadi moja isisimamiwe na programu mbili, kwani kila moja itabomoa kazi ya mwenzake. Anwani isiyobadilika, kwa mfano ya mashine inayohudumia printa, ni bora itengwe kwenye ruta kuliko kuandikwa ndani ya kompyuta. Hivyo ruta haitampa mwingine anwani ileile.

Mwisho wa eneo la fundi wa nyumbani huonyeshwa na mtr, inayopima kila kituo kati ya kompyuta na seva ya mbali. Pakiti zikionekana kupotea kwenye kituo kimoja cha katikati huku vinavyofuata vikiwa salama, hakuna tatizo. Kituo hicho kina uvivu wa kujibu tu. Zikianza kupotea baada ya ruta na kuendelea hivyo hadi kituo cha mwisho, kosa liko nje ya nyumba, na matokeo hayo, pamoja na saa yalipochukuliwa, ndiyo ya kumpelekea mtoa huduma.