Pua kwa pua: kaburi la Saqqara linasema nini, na halisemi nini

Huenda umeshakutana na picha hii mtandaoni: wanaume wawili wa Misri ya Kale wamechongwa ukutani, wamekumbatiana, pua zao karibu zigusane. Juu yake kumeandikwa, "Wapenzi wa kwanza wa jinsia moja katika historia." Ionyeshe kijiweni uone. Mmoja atasema hayo mambo yameletwa na Wazungu, Mwafrika wa kale hakuyajua. Mwingine atajibu: si haya hapa, tena Afrika? Wote wawili wana uhakika. Mimi nadhani wote wamekwenda haraka mno.

Tuanze na yanayojulikana. Hao ni Niankhkhnum na Khnumhotep. Waliishi wakati wa nasaba ya tano, yapata mwaka 2400 KK, na walikuwa na cheo kimoja: wasimamizi wa watengeneza kucha wa ikulu. Usicheke. Kuruhusiwa kuugusa mwili wa mfalme ilikuwa heshima kubwa. Kaburi lao liko Saqqara na liligunduliwa mwaka 1964 na mwanaakiolojia Mmisri, Ahmed Moussa. Ndani yake wanaonekana pamoja tena na tena, wameshikana mikono au wamekumbatiana. Wake zao na watoto wao nao wamo.

Wataalamu wamegawanyika pande tatu. Wapo wanaosema walikuwa ndugu, pengine mapacha. Greg Reeder alilinganisha michoro hiyo na ile ya mume na mke wa zama hizo, akaona mikao inafanana mno, hivyo akawasoma kama wapenzi. David O'Connor akaja na la tatu: mapacha walioungana kimwili, kama Chang na Eng Bunker wa karne ya 19, ambao nao walioa na kuzaa.

Hebu tuzipime. Nadharia ya walioungana inakwama haraka, kwa sababu kaburini wamechongwa pia kila mmoja peke yake, akifanya shughuli zake. Nadharia ya undugu inaonekana ya kawaida tu, lakini hakuna andishi kaburini linalosema wazi kuwa hawa ni ndugu. Na ile ya wapenzi? Nayo ina tundu. Kukumbatiana pua kwa pua hakukuwa kwa wanandoa pekee: nguzo moja ya Karnak, ya karne kadhaa baadaye, inamwonyesha mfalme Senusret I na mungu Ptah katika mkao huohuo. Kwa hiyo mkao unaonyesha ukaribu mkubwa. Aina ya ukaribu hausemi.

Sasa niseme kinachonikera. Fikiria mmoja wao angekuwa mwanamke. Nani angeuliza ushahidi? Tungeandika "mume na mke" na kusonga mbele. Wakiwa wanaume wawili, ghafla tunadai hati ya ndoa, na tuko tayari hata kuwaunganisha miili kuliko kukiri kwamba hatujui. Hiyo ni mizani miwili, na sayansi haiendi hivyo. Lakini mizani ikiwa moja, inambana pia anayeipenda picha hii: kutamani kuona watu wa kale wanaofanana nasi si ushahidi. Hata hoja ya "walikuwa na wake" haimsaidii yeyote, kwani kuoa na kuzaa kulitarajiwa kwa mwanamume wa hadhi yao, vyovyote moyo wake ulivyokuwa.

Kama swali lako ni iwapo Wamisri waliweza hata kuwazia jambo hili, usining'inie kwenye kaburi moja. Ipo hadithi yao, iliyotufikia vipandevipande, ya mfalme Neferkare anayenyemelea usiku kwenda kwa jenerali wake Sasenet, ambaye nyumbani kwake hakuna mke. Kuna mtu anamfuata na kumchungulia. Kwa hiyo dai la "hawakulijua" linaanguka. Ila angalia vizuri: mfalme anakwenda kwa kujificha, na msimulizi anaonekana kumsuta. Kulijua jambo si kulibariki. Tena hadithi ya kumsuta mfalme haitupi maoni ya mkulima wa kando ya Nile.

Basi ukiletewa tena picha ile, muulize aliyeileta swali moja: ni mchoro gani ungekufanya ubadili mawazo? Kama hana jibu, ujue hasomi ukuta, anajisomea mwenyewe. Leo watu wanahukumiwa na kutetewa kwa kisingizio cha "wahenga walivyokuwa." Haki ya mtu aliye hai haipaswi kungoja ushahidi wa watengeneza kucha waliokufa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Na wao nao wana haki yao ndogo: wasisemeshwe wasiyoyasema.