Pongezi kwa Wavushaji wa Fourteen Falls

Siku za masika, Mto Athi, uliokwisha kupokea maji ya Nairobi na ya Ruiru, unapofika Fourteen Falls, mashariki ya Thika, huwa na rangi ya udongo mwekundu, povu limetanda juu ya mawe, na harufu ya taka za mijini haifichiki. Na ni hapo ndipo vijana wa kando ya mto wanapofanya kazi ninayoistahi kuliko nyingi zipewazo taadhima kubwa zaidi, yaani kuvusha wageni kwa mashua ndogo za makasia.

Nilimtazama mmoja wao mvua ikinyesha. Alisimama miguu mitupu topeni, akaishika omo kwa mkono mmoja, akamwambia bibi mmoja kwa adabu, "Keti katikati, mama, usisimame," kisha akasukuma na kurukia tezini. Na badala ya kuelekea ng'ambo moja kwa moja, akaupanda kwanza mkondo, kwa kuwa alijua utamteremsha, huku maporomoko ya takriban mita 27 yakinguruma jirani. Abiria walipokuwa wakifuta nyuso, yeye alikuwa akifua maji kwa kopo la rangi, bila haraka.

Maji hayo hayo huja kuitwa Galana, kisha Sabaki, yakaingia baharini karibu na Malindi, ambako manahodha wana sifa zao tangu kale. Na hawa wa bara wanastahiki zao, hasa wanapoikataa nauli na kuzifunga mashua kwa sababu mto umefura.