Rudia Pale Ulipoanguka

Huku Bondeni yuko mzee mmoja, mpiga gitaa wa enzi za omutibo, ule mtindo wa gitaa wa Magharibi mwa Kenya, ambaye akimfundisha kijana haanzi na wimbo. Humpa nyuzi za besi na kidole gumba, basi. Jioni nzima kidole gumba kitembee, kisikimbie wala kisilale. Siku kadhaa zikipita ndipo kidole cha shahada huruhusiwa kuimba juu yake. Mwanafunzi akikosea katikati, mzee hamwachi arudi mwanzo. "Mwanzo umeshaujua," humwambia. "Rudia pale ulipoanguka."

Ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Tunapiga sehemu tunayoiweza, masikio yanafurahi, tukifika penye kona tunajikwaa, tunaanza upya. Mwezi ukiisha, mwanzo unang'aa na ile kona ingali inatushinda. Mzee hukata mapigo matatu manne tu, akayapunguza mwendo hadi mtazamaji apige miayo, akayarudia mpaka vidole viache kuuliza njia. Kisha huyaunganisha na yaliyotangulia, halafu na yanayofuata, maana makosa hupenda kujificha kwenye maungio. Sijaona kazi ya mikono inayoheshimika kuliko uvumilivu huo, ingawa hakuna anayelipia kiingilio kuutazama.

Kizazi chake kilifunzwa na uhaba. Gitaa lilikuwa la kuazima, na kapo, kile kibano cha nyuzi, ilikuwa penseli iliyokazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mwaka 1959 Mwenda wa Bayeke, galacha wa Katanga, alikaa Nairobi, na gitaa lake likasikika redioni. Redio ya siku zile hairudishwi nyuma. Wimbo ukipita umepita. Kwa hiyo ulisikiliza kwa mwili wote, ukauimba kwa mdomo kwanza, ndipo ukagusa uzi. George Mukabi, galacha wa omutibo aliyefariki 1963, alituachia sahani za santuri ambazo hadi leo ni darasa: vidole viwili, chupa ya soda ikigongwa kando, na hakuna pigo lililoharakishwa.

Leo simu inakusaidia kulinganisha sauti za nyuzi, inapunguza mwendo wa video, inarudia kipande unachotaka hata mara mia. Mzee angelipata chombo hicho ujanani, sijui angelifika wapi. Sisi tunakitumia kuruka kutoka wimbo hadi wimbo, tukijua utangulizi wa nyimbo ishirini na mwisho wa hata mmoja hatuujui. Nao watoto wa Gredi ya Nne wananunuliwa filimbi za rekoda kwa ajili ya mtaala wa umilisi. Muhula mmoja vichochoro vyote vinapiga mluzi, muhula unaofuata rekoda zimekuwa fimbo za kuchezea. Siwalaumu. Nani aliketi nao?

Mzazi, kama pesa ya rekoda imeshatoka mfukoni, ongeza robo saa kila jioni. Inafaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Huhitaji kujua noti; muulize mtoto ni wapi panamshinda, umsikilize akipapiga polepole. Kelele hizo sisi majirani tutazivumilia.